Kupima upepo wa tairi bila betri: kihisi cha bomba la sindano ndani ya chupa ya soda

Ukipasua kihisi cha upepo kilichotolewa kwenye rimu ya gari la mtumba, utakutana na betri ya duara iliyozikwa ndani ya gundi ngumu. Haibadilishwi. Ikifa, kihisi chote kinatupwa, na uhai wake ni kama miaka 5 hadi 10. Sasa piga hesabu. Ulaya ililazimisha kila gari dogo jipya liwe na mfumo wa kuonya upepo ukipungua kuanzia Novemba 2014, na Kenya haipokei gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8. Gari lenye vihisi vya ndani likitoka Uingereza likiwa na miaka 7, linashuka Mombasa na betri nne zinazokaribia kaburi. Taa ya njano inawaka, mwenye gari anaenda kujaza upepo, taa haizimi. Mwishowe fundi anaibandika gundi nyeusi, na kesi imefungwa.

Je, upepo unaweza kupimwa bila waya na bila betri yoyote ndani ya gurudumu? Unaweza, na kanuni yake unaweza kuijaribu mezani mwishoni mwa juma kwa vitu vya dukani. Mwongozo huu unakufundisha kutengeneza kihisi kama hicho, kukisoma kutoka nje ya chupa iliyofungwa, kukipa vipimo, kisha kukitesa kwa moto na chuma ili uone kwa nini magari mengi bado yanatumia betri. Nitangulize onyo moja: hiki ni kifaa cha mezani. Usikiweke kwenye gurudumu la chombo kinachotembea. Sababu utaiona kwa hesabu huko mbele.

Kinafanyaje kazi bila umeme wake

Mpiga ngoma huisogeza ngoma karibu na moto, ngozi ikakaza, sauti ikapanda. Ngoma yenyewe haina nguvu ya kusema. Inangoja mkono uipige, lakini ikipigwa inajibu kwa sauti inayotegemea mkazo wa ngozi. Kihisi kisicho na betri ni hivyo hivyo. Koili ya waya ikiunganishwa na kapasita, kile kipande kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, hupata masafa yake ya asili, yaani mdundo inaoupenda kuliko mingine yote. Ukiirushia mawimbi kutoka nje, mengi yanapita tu, ila yale yanayolingana na mdundo wake inayameza. Basi ukiupanga mtambo ili upepo ubadilishe ama koili ama kapasita, mdundo nao utabadilika. Anayesikiliza nje atajua upepo ni kiasi gani.

Wazo hili lina historia ya kijasusi. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichobuni Leon Theremin: chumba kidogo cha chuma chenye utando mwembamba uliotikiswa na sauti za watu. Hakikuwa na betri wala waya wa umeme, ndiyo maana hakikugunduliwa hadi 1952. Wasovieti walikimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje, nacho kikarudisha mawimbi yakiwa yamebeba mazungumzo. Leo kuna kihisi cha aina ya koili na kapasita, CardioMEMS, kinachopandikizwa kwenye mshipa wa mapafu wa mgonjwa wa moyo kupima shinikizo la damu humo. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014.

Kwa matairi, njia iliyofika mbali zaidi ni ya kipande cha fuwele ya kwatsi. Mawimbi ya redio yakiifikia, hugeuzwa kuwa mtetemo unaotambaa juu ya uso wa fuwele, takriban mara laki moja polepole kuliko redio. Uzuri wake ni huo uzembe: jibu la fuwele linarudi wakati mwangwi wa mabati yote ya gari umeshanyamaza. Fuwele hiyo huwezi kuitengeneza nyumbani, kwa hiyo sisi tunarudi kwenye koili.

Vifaa

Kwa aliye Dar, vyote nimevizoea kuviona Kariakoo na kwenye duka la dawa. Kwa aliye Nairobi, anzia Luthuli Avenue. Utahitaji bomba la sindano la mililita 5 lenye pistoni ya mpira, jipya na bila sindano yenyewe. Kipande cha feraiti, ile fimbo nyeusi inayokaa ndani ya redio ya zamani ikiwa imezungushiwa waya, cha kipenyo cha milimita 10. Waya wa shaba wenye rangi wa kusukia mota, unene wa milimita 0.3, mita 2. Kapasita ya pikofaradi 220 ya aina ya NP0. Sisitiza aina hiyo, kwa kuwa zile za kawaida za kauri hubadilika sana joto likipanda. Epoksi ya mirija miwili, grisi ya silikoni, rangi ya kucha, vijiti viwili vya mishikaki, na kifaa cha kulehemu.

Upande wa upepo: chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, valvu fupi ya mpira ya tairi la tyublesi la gari dogo, na pampu ya mguu yenye geji. Chupa iwe ya soda yenye gesi, mpya, isiyo na mkunjo. Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno. Na tafadhali usiwe mjanja ukatumia bomba la PVC kwa sababu linaonekana gumu. PVC ikishindwa na hewa hupasuka vipande vyenye makali kama glasi, wakati plastiki ya chupa ya soda huchanika.

Kifaa cha kusomea ndicho ghali kuliko vyote. Mimi natumia NanoVNA, kidude cha ukubwa wa simu kinachorusha mawimbi dhaifu na kuchora kwenye kioo ni kiasi gani kimerudi. Kama huna, chuo cha ufundi kilicho karibu nawe huenda kina jenereta ya mawimbi na osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye kioo, navyo vinatosha ukiwa na subira.

Hatua ya 1: Chupa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote

Toboa kifuniko cha chupa katikati, tundu la milimita 11.5. Paka valvu maji ya sabuni, ipitishe kutoka ndani kwenda nje, uivute kwa koleo mpaka shingo ya mpira ikae kwenye tundu. Jaza chupa maji hadi mdomoni, funga, iweke ndani ya ndoo, kisha pampu hadi paundi 55. Achaneni dakika kumi, wewe na chupa, kila mtu upande wake. Tunajaribu kwa maji kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Chupa ikipasuka utasikia mchirizo tu. Hewa iliyobanwa ingetoka kwa kishindo.

Ikifaulu, imwage na kuikausha vizuri. Tangu hapo usivuke paundi 36, sawa na kilopaskali 250 hivi, na vaa miwani ya kinga kila unapopampu.

Hatua ya 2: Kuandaa bomba la sindano

Kata yale masikio mawili ya kushikia vidole ili bomba lipite kwenye mdomo wa chupa. Usikate mwili wenyewe, maana ule ukingo mdogo wa ndani ndio unaozuia pistoni isichomoke. Pistoni nayo punguza mkia wake, ubaki sentimita moja nyuma ya mpira.

Feraiti haikatwi kwa msumeno. Ichore mstari kuizunguka kwa tupa, kisha ivunje kwa mikono kama muwa mkavu. Unataka kipande cha milimita 15. Kibandike kwa epoksi mbele ya mpira wa pistoni, kikae katikati, na usubiri kikauke usiku kucha. Nilipokuwa na haraka mara ya kwanza, feraiti ilibanduka ikalala chini ya bomba, nami nikakaa saa nzima nikilaumu koili.

Paka mpira grisi ya silikoni kidogo sana, ingiza pistoni, ivute hadi alama ya mililita 5. Hapo ndipo unapoziba mdomo wa bomba kwa epoksi. Hewa uliyoifungia humo ndani ndiyo roho ya kihisi chote: upepo wa chupa ukipanda, utaisukuma pistoni ndani mpaka hewa hiyo ibanwe kiasi sawa na upepo wa nje.

Hatua ya 3: Koili

Upande ule wa mdomo uliozibwa, sokota waya mizunguko 40 ukiubana mmoja kando ya mwenzake. Utachukua kama milimita 13 za urefu wa bomba. Shikilia kwa rangi ya kucha. Kwangua rangi ya waya kwenye ncha zote mbili kwa wembe mpaka shaba ing'ae, kisha lehemu kapasita moja kwa moja kati ya ncha hizo. Mzunguko umekamilika: koili, kapasita, basi. Mtu asiyejua atakuuliza zilizobaki ziko wapi.

Kwa vipimo hivi koili ina takriban mikrohenri 15.6, na pamoja na pikofaradi 220 masafa yake ya asili ni kama megahezi 2.7 feraiti ikiwa mbali. Feraiti ikiingia ndani ya koili, masafa yanateremka kuelekea megahezi 2. Yatateremka kiasi gani hasa inategemea feraiti yako, kwa hiyo usishtuke namba zako zikitofautiana na za jirani.

Hebu tufuatilie safari ya pistoni, maana inaeleza mengi yatakayokuja. Feraiti inachukua mililita 1.2, basi hewa iliyofungiwa ni 3.8. Usawa wa bahari hewa ya kawaida ina kilopaskali 101. Ukijaza paundi 15, pistoni inasogea karibu milimita 17. Ukiongeza paundi 15 nyingine, inasogea milimita 5.6 tu. Kutoka 30 hadi 36 ni milimita 1.3. Pistoni yetu husogea sana pale tairi lilipo karibu tupu, na husogea kidogo tu pale dereva anapotaka usahihi. Si kasoro mbaya kwa kazi ya kuonya: sheria ya Marekani, ambayo imekuwa ikidai mfumo huu kwa magari madogo yote mapya tangu Septemba 2007, inataka taa iwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Kwa tairi la paundi 32, hiyo ni 24.

Aliye Nairobi asome hapa kwa makini. Huko juu hewa ya kawaida ni karibu kilopaskali 84, na wewe uliifungia hiyo. Ukijaza paundi 30 kwa geji, pistoni yako itakwenda mpaka pale ambapo ya Dar ingefika kwa paundi 36. Geji hupima tofauti kati ya ndani na nje; kihisi hiki hupima upepo mzima dhidi ya hewa uliyoifungia siku ile. Kwa hiyo usiazime jedwali la mtu wa pwani.

Hatua ya 4: Kukiweka ndani na kukizungushia sikio

Funga bomba kwa uzi kwenye vijiti vya mishikaki vilivyokatwa kwa urefu wa chupa, koili ikitazama chini, halafu vyote vitumbukize. Vijiti vinalisimamisha bomba lisilale. Funga kifuniko.

Nje ya chupa, usawa wa koili, zungusha waya wenye ganda la plastiki mizunguko 5. Hilo ndilo sikio. Ncha zake mbili ziende kwenye mlango wa kwanza wa NanoVNA, kwa waya mfupi. Weka masafa kuanzia megahezi 1.5 hadi 3.2, fanya usawazishaji wa kifaa kwa vile vizibo vitatu vilivyokuja nacho, na chagua mchoro wa mawimbi yanayorudi kwa desibeli. Utaona mstari ulionyooka karibu na sifuri, na mahali fulani karibu na 2.7 bonde. Hilo bonde ndiyo nguvu iliyomezwa na kihisi. Telezesha alama hadi kwenye kina chake na uandike masafa.

Bonde halionekani? Kagua kwanza kama rangi ya waya ilitoka kweli kabla ya kulehemu; mara nyingi tatizo ni hilo. Kisha angalia kama sikio limezunguka usawa wa koili, si juu yake. Mwisho panua masafa, huenda bonde limeangukia nje ya dirisha lako. Ukishalipata, bana dirisha libaki pana kidogo tu kuliko safari ya bonde, kwa sababu kifaa hugawa dirisha kwa idadi maalumu ya nukta. Kwa nukta 101 kwenye dirisha la megahezi 1.7, kila hatua ni kilohezi 17, na kati ya paundi 30 na 36 hilo ni jicho la makengeza.

Hatua ya 5: Kukipa vipimo

Acha kichwa cha pampu kikiwa kimeshika valvu muda wote ili geji isome bila kupoteza upepo. Panda kwa hatua: paundi 0, 7, 15, 22, 29, 36. Kila hatua subiri dakika mbili, kwa kuwa hewa ikibanwa hupata joto na geji itateremka kidogo inapopoa. Kabla ya kuandika masafa, gonga chupa kwa kidole mara tatu nne. Kisha shuka kwa hatua zilezile, ukisubiri na kugonga vilevile.

Chora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba, wa kupanda na wa kushuka. Haitalala mmoja juu ya mwingine. Pistoni ya mpira inang'ang'ania ukuta wa bomba. Msuguano wa nyutoni 5 tu kwenye uso wa sentimita ya mraba 1.13 ni sawa na kilopaskali 44, zaidi ya paundi 6. Yaani upepo unaweza kubadilika kwa paundi 6 na pistoni isitikisike. Grisi inapunguza, kugonga kunapunguza zaidi. Pengo linalobaki kati ya mistari miwili ndilo kosa halisi la kifaa chako, na namba hiyo iandike juu ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukiona mtu anakuuzia kihisi cha aina yoyote akakuonyesha mstari wa kupanda peke yake, muulize wa kushuka ameuacha wapi.

Hatua ya 6: Moto

Hili ndilo jaribio ninalolipenda. Pampu hadi paundi 29, ngoja itulie, andika masafa. Iweke chupa kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 45, usizidishe 50 maana plastiki italegea. Subiri robo saa. Geji itapanda kwa karibu paundi 3. Sasa gonga na usome bonde: halijasogea, au limesogea kidogo mno.

Je, kihisi kimekufa? Hapana. Maji ya moto yameipasha hewa ya chupa na hewa iliyofungiwa ndani ya bomba kwa pamoja, zote zikavimba kwa uwiano uleule, na pistoni imebaki katikati kama mwamuzi. Kihisi chetu, bila kukusudia, hakipimi shinikizo. Kinapima wingi wa hewa iliyomo. Na kwa tairi hilo si jambo baya hata kidogo! Namba iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva ni ya tairi lililopoa. Tairi la paundi 32 huongezeka kama paundi moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto, ndiyo sababu dereva aliyetoka Chalinze juani akipima Morogoro anadanganywa na geji, anapunguza upepo, na kesho asubuhi tairi limelegea. Kihisi cha bomba la sindano kingemwambia ukweli palepale.

Ili uwe na uhakika kwamba si msuguano uliokuficha, rudia jaribio ukiongeza paundi 3 kwa pampu, bila moto. Bonde likisogea safari hii na lile la moto halikusogea, umethibitisha. Yote mawili yakikaa kimya, rudi kwenye grisi.

Hatua ya 7: Chuma na umbali

Sogeza sufuria ya alumini karibu na chupa. Bonde litapanda masafa na kuwa la kina kifupi, kwa sababu mkondo unaozuka ndani ya alumini unapingana na koili. Rimu ni sufuria kubwa zaidi. Kihisi cha koili kikibandikwa juu ya rimu bila nafasi au bila bati la feraiti chini yake kinakuwa kiziwi.

Sasa chukua kipande cha tairi kuukuu la gari dogo, kiweke kati ya sikio na chupa: mara moja sehemu ya kinyagio, ile inayokanyaga barabara, mara moja ubavu. Chini ya kinyagio cha tairi la rediali kuna mikanda ya nyuzi za chuma, ilhali ubavu wa tairi la gari dogo kwa kawaida una nyuzi za kitambaa. Utaona mwenyewe upande gani wa kusikilizia. Kwa lori usijipe matumaini. Matairi yake mengi yana chuma hadi ubavuni.

Halafu umbali. Toa sikio kwenye chupa, lisogeze pole pole. Likishakuwa mbali kuliko upana wake, ukizidisha umbali mara mbili, jibu linalorudi linapungua hadi moja ya 64. Ni kuanguka kutoka dari.

Kwa nini kisiende barabarani

Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kitu kilicho sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu kinavutwa kwenda nje kwa mara 164 ya uzito wake. Kile kipande cha feraiti cha gramu 6 kinageuka kuwa na uzito wa karibu kilo moja, kikining'inia kwenye pistoni. Hiyo peke yake inapotosha kipimo kwa kilopaskali 85, zaidi ya paundi 12, kabla hujafikiria bomba lenyewe kukatika na kuzunguka ndani ya tairi kama njuga. Vihisi vya kiwandani vinatumia utando wa silikoni au kwatsi wenye uzito wa vumbi kwa sababu hiyo.

Na hata ukiwa na utando huo, lile tatizo la hatua ya 7 halikwenda popote. Kihisi chenye betri kinapiga kelele chenyewe, kwa megahezi 433.92 kwa magari ya Ulaya au 315 kwa mengi ya Marekani na Japani, na mpokeaji mmoja ndani ya gari anasikia magurudumu yote manne. Kihisi kisicho na betri hakisemi mpaka kisemeshwe kutoka karibu. Lazima kila upenyo wa gurudumu uwe na antena yake, na waya wa kuifikia, katikati ya matope na mawe. Gharama uliyoitoa ndani ya tairi umeihamishia kwenye bodi ya gari, mara nne. Kwa kampuni inayouza mamilioni ya magari, betri ya kutupa imekuwa rahisi zaidi.

Hapo pia umepata swali la kumbana muuzaji wa mtandaoni anayetangaza vihisi "visivyo na betri": antena za kwenye magurudumu ziko wapi? Kama anakuuzia vifuniko vinne vya valvu na kioo kidogo chenye sola cha kuweka dashibodi, sola ni ya kioo. Ndani ya kila kifuniko mna betri ya kidonge, mara nyingi CR1632, na uzuri wake ni kwamba hiyo unaweza kuibadilisha mwenyewe. Mfumo mwingine husemwa hauna betri kwa kuwa hauna kihisi kabisa: unahesabu mizunguko ya magurudumu kupitia breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame, tairi lililopungua upepo likizunguka haraka kuliko wenzake. Huo hauwezi kukwambia paundi ngapi, na matairi yote manne yakipungua pamoja unaweza kunyamaza kabisa.

Baada ya wiki

Iache chupa na paundi 29 kwa siku saba, ukiangalia geji na bonde kila jioni. Geji ikiteremka na bonde likapanda pamoja nayo, valvu au kifuniko kinavuja. Kaza, au paka sabuni utafute povu. Geji ikisimama lakini bonde likapanda, tatizo liko ndani: bomba la sindano linakunywa upepo kupitia mpira wa pistoni, hewa iliyofungiwa imeongezeka, na kihisi kitasoma chini ya ukweli. Toa upepo wote, vunja epoksi ya mdomoni, ongeza grisi, rudisha pistoni kwenye alama ya mililita 5, ziba upya, na uanze jedwali jingine.